Nasikia, Nasikia

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili mtu asije akanisifu, maana wapo kijijini wanaoisimulia habari hii hadi leo kana kwamba nilikuwa shujaa. Nilikuwa na umri wa kama miaka kumi na minne, miaka ile bandari ya Mtwara ilipokuwa ikijengwa na baba yangu akibeba mawe huko. Nilikuwa nimetoka unyagoni miezi mitatu tu, na niliogopa kila kitu: radi, chura, mbwa wa duka la kule Chikongola, na kuliko vyote, lori.

Lori lilikuwa na sababu yake. Mwaka mmoja nyuma lilikuja kijijini kwetu, mbele kidogo ya Mtawanya, kumchukua jirani yetu. Alikuwa mwanamke kijana, hajafika hata miaka ishirini na mitano, mwenye baka jeupe juu ya kifundo cha mguu. Ilisemekana ni ukoma, na kwamba atapelekwa kwenye kambi ya wagonjwa, safari ya siku nzima kuelekea bara. Hakuna aliyemgusa alipokuwa anapanda. Sisi wanawake tulisimama mbali tukamwombea kwa sauti, Mungu akuponye, Mungu akurudishe, naye akatupigia kelele kutoka nyuma ya lori, "Nasikia! Nasikia!" mpaka vumbi likamfunika. Mama alisema afadhali ameondoka akijua kwamba tunampenda. Kesho yake nyumba yake ilichomwa moto, na kinu chake kikabaki uani peke yake, maana hakuna aliyetaka kukitumia.

Basi ukaja msimu wa korosho. Nilikuwa nachoma korosho kwenye kipande cha debe, nimechuchumaa karibu mno kama kawaida yangu, mafuta ya ganda yakaruka yakaniangukia kwenye muundi wa mguu. Aliyewahi kuunguzwa na mafuta yale anajua kwamba hayana mzaha, yanakula ngozi huku unayatazama. Sikulia. Wala si kwamba nilikuwa jasiri. Kule unyagoni nyakanga wetu, yule mama mtu mzima aliyetufunda, alikuwa akitufunika macho kwa kanga, anatufinya mapajani kwa kucha, halafu anauliza kwa sauti ya upole, "Waumia, mwanangu?" Aliyesema ndiyo alianza upya. Aliyeguna alianza upya. Mwali halii, alituambia, na akiulizwa, hajambo. Wenzangu walilishika somo lile kwa ushupavu wao. Mimi nililishika kwa woga, kwa hiyo nililishika kuliko wote.

Nikakificha kidonda chini ya kanga kwa siku nyingi, mpaka harufu ikanisaliti. Mama aliweka majani aliyotafuna, akaweka majivu, akasoma dua. Upande wa juu ukafunga. Upande wa chini ukabaki wazi, mbichi, nzi wakiuzunguka. Lakini pale palipofunga ngozi ilirudi nyeupe, laini, inang'aa. Nilimwona mama akilitazama baka lile, kisha akatazama kule uani kwa jirani, kwenye kile kinu. Ndipo nikaanza kuogopa.

Siku ya Jumanne alikuja nesi. Alikuwa akija kila Jumanne kwa baiskeli, na mkoba wake umefungwa nyuma kwa mpira, anakaa barazani kwa jumbe na kututibu wote pamoja: wenye upele, wenye buba, wenye madonda ya miguu. Alichemsha maji kwenye sufuria yake mwenyewe, alisafisha taratibu, alipaka dawa ya zambarau mpaka kijiji kizima kikawa na watoto wa zambarau. Hakuwa mtu wa kwetu. Alisema Kiswahili cha shule, na alipowasikia mama zetu wakisema chidonda alicheka kwa wema, nao wakacheka naye. Miguu ya wazee ambayo wajukuu zao waliikwepa, yeye aliipakata.

"Mama, mbona umechelewa hivi?" alimwuliza mama alipoufungua mguu wangu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Aliusafisha, akaupaka, akaufunga bendeji upande ule mbichi. Alipofika kwenye baka, mikono yake ikasimama. Akachukua ncha ya kanga yangu akanifunika macho.

"Nitakugusa hapa na pale," alisema. "Ukisikia, niambie. Haya. Unasikia?"

Nilisikia. Wallahi nilisikia, pini ile niliisikia mpaka kwenye meno. Lakini mtu wa kukufunika macho, akakuchoma, kisha akakuuliza kwa upole kama unaumia, kwangu hakuwa mtu mgeni. Nilimtambua mara moja. Nikakaza shingo nikajibu kama nilivyofundwa.

"Sisikii kitu."

"Na hapa?"

"Sisikii."

Alichoma tena, kisha mara ya nne kwa nguvu zaidi, nami nikatabasamu. Kanga ilipoondolewa nilikuwa nangoja kusifiwa. Nesi hakuwa akinitazama. Alikuwa ananawa mikono, ananawa tena, na macho yake yalikuwa mekundu. Akamvuta mama pembeni. Nilichosikia ni maneno mawili ya mwisho: "Jumanne" na "lori."

Wiki ile sitaisahau mpaka naingia kaburini. Mama hakuniambia lolote, na kutoambiwa huko ndiko kulikoniua. Sahani yangu ilitengwa. Mkeka wangu ulihamishiwa upande wa mlango. Nikimsogelea ndugu yangu mdogo, mama alimnyakua na kujifanya anamnyonyesha. Siku ya tatu nilimkuta anafunga muhogo mkavu na kanga zake mbili kwenye kapu. Usiku nilijikunja nikashika muundi wangu kwa mikono yote miwili, kana kwamba baka lingehama nikiliachia. Nilikuwa bado sijui kosa langu. Nilijua tu kwamba kila gurudumu lililopita barabarani lilinifanya nijikojolee kidogo, msichana mkubwa kama mimi.

Jumapili asubuhi mama akasema tunaondoka. Tutavuka Ruvuma kwenda kwa dada yake, upande wa Wareno, ambako hakuna nesi wa kutuandika.

"Mtoni kuna viboko, mama," nilisema.

"Viboko wanaua mara moja." Ndipo akakaa chini, kapu kichwani bado, akaanza kulia. "Mwanangu, nesi kasema huna hisia mguuni. Kakuchoma mara nne, husikii. Mwenye kutosikia ndiye mwenye ukoma. Hata yule mwenzetu walimpima hivyohivyo."

"Lakini nilisikia."

"Usinidanganye ili nifurahi."

"Nilisikia zote nne, mama! Ya mwisho ilitaka kunitoa roho."

"Sasa mbona hukusema?"

Nilimshangaa. Yeye naye alipita kwa nyakanga yuleyule.

"Mama, mimi si mwali?"

Kapu lilianguka, muhogo ukatapakaa uani. Mama akachukua upindo wa kanga akanifunika macho, akanifinya muundi kwenye lile baka kwa kucha. "Waumia?" Na hapo, mbele ya mama yangu mzazi, huku najua kabisa kwamba nikikosa jibu nitapakiwa kwenye lori, kinywa changu kikajibu chenyewe: "Sijambo."

Mama hakunipiga. Alinishika mkono akanipeleka moja kwa moja kwa nyakanga. Yule mama alisikiliza habari yote huku anamenya muhogo, hakuinua uso.

"Chitu nimekifunga mimi," akasema mwishowe, "nesi atakifunguaje? Jumanne nitakuja."

Jumanne lori lilikuja. Alishuka nesi, akashuka bwana mganga mmoja wa hospitali, mwenye miwani. Dereva hakuzima injini. Watu walisimama mbali, palepale walipokuwa wamesimama mwaka jana, na wengine walishaanza kuniombea. Nilikalishwa kwenye kiti barazani. Nyakanga akaja akakaa chini karibu na miguu yangu, na bwana mganga alipouliza huyu ni nani, mama alijibu, "Ni mwalimu wake."

Nikafunikwa macho. Pini ikaingia.

"Unasikia?"

Nilitaka kusema, Mungu ni shahidi, nilitaka. Sauti haikuja.

"Lia, mwanangu," nyakanga alisema. "Nimekuruhusu."

Pini ikaingia mara ya pili. Nilisikia injini ya lori. Nilisikia mama akisoma Yasini kwa haraka, anaruka maneno.

Basi nyakanga akanishika kidole gumba cha mguu, akakiminya. "Somo limekwisha," akasema kwa ukali. "Nimekufungua. Lia!"

Pini ya tatu ilipoingia nilipiga ukelele mpaka kuku wa jumbe wakatawanyika. Nikalia kilio cha miezi mitatu, nikamtukana nesi, nikamtukana bwana mganga, nikamwuma mkono dereva aliyekuja kuona kuna nini. Nesi alicheka na kulia kwa pamoja. Bwana mganga akanipima tena bila kunifunika macho, akasema hili ni kovu la moto tu, na donda litapona likioshwa. Mama alinikumbatia kwa mara ya kwanza katika wiki nzima, na watu wote wakasogea.

Nyakanga peke yake hakusogea. Alikuwa bado amekaa chini.

"Nesi," aliita. "Yule wa mwaka jana. Naye ulimfunika macho?"

"Ndiyo, bibi."

"Akasemaje?"

Nesi aliacha kucheka. "Alisema hasikii."

"Yule," nyakanga alisema, "ndiye mwali niliyemsifu kuliko wote. Hakuna aliyemshinda kwa kunyamaza."

Mama alijiziba mdomo kwa kanga. Sote tulikumbuka kwa pamoja lile lori, na vumbi, na sauti ya mwenzetu akipiga kelele: nasikia, nasikia. Tulidhani anatujibu sisi.

Nyakanga alijifunga kanga, akaomba apandishwe nyuma ya lori, akakaa mahali palipokuwa pametengwa kwa ajili yangu. Mguu wangu ulioshwa kila Jumanne mpaka ukafunga wote. Yeye alirudi baada ya siku kumi, kwa miguu, peke yake, akaja kukaa uani kwetu. Mama alimpa maji, akangoja anywe.

"Yupo?"

"Yupo."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Mwalimu wako nimekuja, nimekufungua, lia. Nikamchoma mwenyewe kwa mwiba, mguuni, palepale. Akanitazama tu." Aliigeuza kata ya maji mikononi. "Sijui kama hasikii, mwanangu, au hataki kunisikia."