Sukari ya Mutinda

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa damu. Niliingia maabara ya zahanati moja ya serikali katikati ya Nairobi nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi vizuri, na Mkuu wa Maabara akanionyesha beseni la chupa za vioo. Niliziosha hadi saa ya chakula. Alipokuja kuzikagua, aliinua moja dirishani akasema, "Nekesa, damu haidanganyi. Anayedanganya ni chupa chafu, ama mtu aliyeitoa vibaya. Ukiona jibu la ajabu, rudia kabla hujaandika." Nyinyi mnaotia sampuli kwenye mashine na kungoja karatasi mtacheka, lakini sharti hilo lilinilisha miaka thelathini na ushee.

Baadaye nilihamishiwa Dagoretti, kituo cha afya karibu na machinjio. Wachinjaji walikuja na homa na viungo vinavyouma, nasi tukawapima magonjwa yanayotoka kwa mifugo. Huko ndiko nilikomkuta Mutinda, Mkamba wa Machakos, fundi wa kutafuta mshipa. Hata watoto waliona ameshamaliza kabla hawajakumbuka kulia. Alinitania kwamba sisi Waluhya hatuamini tumekula mpaka tuone ugali. Nami nikamjibu kwamba muthokoi, chakula chao cha mahindi yaliyokobolewa, ndio uliomfanya awe mkaidi. Tulikuwa na desturi yetu. Jibu likiwa la ajabu, mmoja alipima na mwenzake akarudia, bila kuulizana wala kuoneana haya.

Hospitali moja ya kibinafsi ya Hurlingham ilipotangaza nafasi mbili, tuliomba pamoja tukapata pamoja. Jioni tulishuka kwa miguu hadi kwangu Woodley, tukanywa chai, kisha akaendelea na safari yake. Nilidhani tutastaafu vivyo hivyo, siku moja.

Korona ilipokuja, wengi waliihesabu kuwa ugonjwa wa mapafu. Sisi wa benchi la maabara tuliona mambo mengine. Vimeng'enya vya ini, yaani vile vitu ambavyo ini likiumia huvimwaga kwenye damu, vilipanda. Figo zilichoka. Na sukari ilipanda kwa watu ambao hawajawahi kuwa na kisukari. Baadaye tulielezwa kwamba mwili ukiwa vitani, ini huachilia sukari kwa wingi, na insulini, homoni ya kongosho inayoifungulia sukari mlango wa seli, hushindwa kazi. Dawa nyingine za kutuliza uvimbe nazo huongeza. Lakini asubuhi ninayoizungumzia, hayo nilikuwa sijayajua.

Mutinda alikuwa amelazwa kwetu kwa korona siku mbili. Damu yake ilifika saa nne katika chupa ya kifuniko cha kijivu, ile yenye dawa ya kuzuia chembe za damu zisiendelee kula sukari zikiwa njiani. Mashine ikasema thelathini na moja. Mtu mzima asiye na kisukari hukaa nne, tano, sita hivi. Nikarudia, ikawa ile ile. Jibu la namna hiyo sisi tulilijua: muuguzi ametoa damu kwenye mkono wenye dripu ya glukosi. Nikapiga simu wodini.

"Sista, hii damu ya Mutinda mmetoa mkono wa dripu?"

"Hana dripu, Madam. Hiyo mkono iko sawa."

"Nitolee ingine tu. Huyu mtu namjua, hana sukari."

"Tuko wawili wodi mzima, na kuvaa hizi manguo za korona peke yake ni kazi. Itabidi ungoje."

Nikangoja karibu saa mbili, jibu la kwanza nimelizuia mezani kwangu, sijalituma wodini. La pili likaja thelathini na sita, na mkojo uliokuja na damu hiyo una ketoni: mwili umeshindwa kuitumia sukari, umeanza kuchoma mafuta na kuijaza damu asidi. Nikakimbia na karatasi kwa Meneja wa Maabara.

"Ile ya kwanza iko wapi?" akauliza.

"Niliizuia. Nilijua hana kisukari."

"Ulijua wewe. Damu ilikwambia kitu kingine."

Mutinda aliwekwa kwenye insulini saa hiyo hiyo, sukari ikashuka. Mapafu yalikataa. Siku ya tatu ya insulini alinipigia simu, sauti ikitoka ndani ya barakoa ya oksijeni.

"Nekesa, sukari yangu ulipima wewe?"

"Ni mimi."

"Ulituma jibu saa ngapi?"

"Mara tu ilipofika," nikamdanganya.

Nikasikia pumzi zake. Kisha akasema, "Hata ingekuwa mimi, ningerudia."

Alifariki kesho yake. Walimzika Machakos haraka, watu wachache, na mimi sikuruhusiwa kutoka Nairobi. Daktari wa wodi aliniambia si zile saa mbili zilizomuua. Namwamini mchana, lakini jioni nikibaki peke yangu na chai yangu, siwezi kuamini.

Sasa nimestaafu. Wanafunzi wakinitembelea Woodley nawaambia warudie kipimo, ndiyo, lakini kwanza wapige simu waseme walichokiona, hata kama hawakiamini. Huniuliza kama naitamani kazi. Mashine sizitamani. Ninayemkumbuka ni Mutinda. Ninatamani kukaa benchi moja na mtu anayejua nimekosea kabla sijafungua mdomo, na bado anasogea kidogo ili nipate nafasi.