Nusu ya Mzigo Chini ya Turubai

Ripoti ya daraja niliipiga taipu mimi, mtoto wangu wa miezi minne nimemwacha kwa jirani kule nyumbani Uthiru na maziwa yananilowesha blauzi. Daraja lenyewe lilikuwa mbali, kwenye barabara ya pwani, la mbao, kuukuu. Mhandisi wetu pale ofisini aliandika njia tatu: kubadilisha mbao zilizooza, kulitia vyuma chini, au kujenga jipya la zege. Akachagua ya kwanza. Alisema alikaa katikati ya daraja wiki nzima na kipimo chake, malori yakapita yamejaa, na daraja likainama kidogo tu. Alijuaje yamejaa? Alisoma karatasi za mzigo za madereva.

Hapo vidole vyangu vikasimama. Mume wangu alikuwa mmoja wa madereva hao, na alishanieleza, tena akicheka, wanavyovuka. Kwenye kona kabla ya daraja wanashusha nusu ya magunia, wanafunga turubai kama vile lori limejaa, wanavuka, wanashusha ng'ambo, kisha wanarudi kuchukua nusu iliyobaki. Tajiri wao, mwenye malori, alikataza. Kwake huo ni uvivu. Kwa hiyo walifanya kimyakimya. Mhandisi alikuwa amepima nusu mzigo, na kila lori ameliandika mara mbili.

Ukurasa wa mwisho ulipendekeza magari yasiruhusiwe kusimama karibu na daraja. Maana yake mume wangu angevuka na mzigo mzima. Mpaka leo sijui kama yule bwana hakujua, au alijua na ikamfaa.

Jioni mume wangu aliporudi safarini nilimwambia.

"Nyamaza," akasema. "Ukifungua mdomo, tajiri atatufuta kazi sisi wote."

"Na mbao zikikatika?"

"Madereva wana akili, mama. Tutatafuta namna."

"Akili inaelea?"

Nikamshuku hata yeye: alimwogopa tajiri kuliko maji.

Asubuhi niliingia kwa mhandisi na ripoti isiyo na ukurasa wa mwisho.

"Imekwisha?"

"Bado. Malori uliyopima hayakuwa yamejaa, bwana."

Akachukua kalamu. "Nani amekuambia?"

Siku zile jina likishaandikwa ofisini lilisafiri lenyewe. Niliitazama ile kalamu.

"Nenda usimame kwenye kona, si katikati ya daraja. Fungua turubai uone."

"Wewe umeletwa hapa kupiga taipu au kujenga madaraja?"

"Kupiga taipu. Ndiyo maana nimesoma ulichoandika."

"Nimekuuliza nani."

"Mke wa dereva," nikasema. Akaangalia pete yangu, akaifunga kalamu.

Alikwenda. Aliporudi nilipiga ripoti mpya, na safari hii alichagua daraja la zege. Jina la mtu hakuandika, lakini tajiri, aliposikia turubai zimefunguliwa kwenye kona, hakulihitaji. Alikuwa na dereva mmoja tu mwenye mke ofisini kwa wahandisi. Mume wangu aliachishwa kazi mwezi uleule. Akaketi mlangoni, mtoto mapajani, siku tatu nzima. Mimi nilipika, nikaweka sahani mbele yake kwa kishindo.

Siku ya nne akauliza, "Hilo jipya wataanza kulijenga lini?"

Nikamwambia ukweli. Ripoti ilikuwa mezani kwa mkubwa mwingine, haijatiwa sahihi, na wenzake walikuwa bado wanavuka kwenye mbao zilezile.