Uso Uliokuwa Juu ya Dungu

Tangu tembo amkanyage mumewe, Romana hapiki pilipili. Watoto wakitaka maharage yenye ukali wanakwenda kula kwa jirani. Pilipili yenyewe haina kosa. Kosa ni kwamba kule bondeni Kasekese, ambako yeye na Kalisti walikuwa na shamba la mpunga, tembo hufukuzwa kwa moshi wa pilipili kavu iliyofinyangwa na kinyesi cha tembo mwenyewe. Sasa hata akipita karibu na banda la mama ntilie hapa Ilembo, harufu ikimgusa tu, magoti yanakata, mikono inakuwa ya baridi kama samaki wa jana, na masikio yanaziba.

Alikwenda zahanati akidhani ni presha. Ikapimwa, ikaonekana nzuri kuliko ya nesi mwenyewe.

"Dada, mwili una mlinzi wake," yule nesi, Skolastika, alimwambia. "Akiona hatari atapigana, au atakimbia, au ataganda. Haji kwako kuomba ruhusa. Siku ile aliganda."

"Tembo si alishaondoka? Mbona huyo mlinzi bado yuko lindoni?"

"Hajaambiwa."

"Mwambieni basi!"

Skolastika akampa panado.

Siku ile ilikuwa hivi. Bondeni kila shamba lina dungu, kichanja cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, na kila dungu lina watu wawili. Wa juu hushika debe, wa chini hubeba kopo la moshi. Tembo akitokea, wa juu anapiga debe kama mwendawazimu ili mnyama ageuze kichwa kwenye kelele, na hapo ndipo wa chini anapata nafasi ya kumsogezea moshi ubavuni. Roho ya wa chini iko mkononi mwa wa juu. Wa juu alikuwa Romana. Tembo alipotoka kwenye matete, jua likizama, Romana aliinua rungu kupiga debe, na mkono ukabaki hukohuko hewani. Kalisti alisubiri kelele. Akageuka, akamtazama mkewe. Halafu akakimbia, na tembo naye akakimbia, na binadamu hajawahi kushinda mbio hizo.

Kilichobaki kumtesa Romana si damu. Ni ule mtazamo. Anapofua, anapochota maji, anaponyoosha mkono kupokea komunyo, Kalisti yuko pale chini anamtazama. Alikufa akinielewa, au alikufa akinilaani? Padri alimwambia alikuelewa, mama. Padri hakuwepo.

Baada ya kuondoa tanga, ukoo ukakaa kikao kuhusu shamba. Msemaji mkubwa alikuwa Hezron, mdogo wake marehemu, mtu ambaye hata redio ikimwona inajizima yenyewe.

"Shemeji hajaua kwa mkono," alisema Hezron. "Ameua kwa kutotumia mkono."

Wengine wakachekea puani. Baba mdogo Benedikto, aliyekuwa kiongozi wa kikao, akawakata jicho.

"Mkwe wangu," akamwambia Romana, "shamba ni la wanao, sikatai. Lakini tembo haondoki kwa machozi. Ukililinda msimu huu mpaka mpunga uvunwe, ni lenu, hakuna wa kuuliza. Ukishindwa, atalima Hezron. Na Hezron atakaa na wewe dungu hilohilo, aone kwa macho yake."

Romana akakubali kabla miguu yake haijasikia.

Mpunga ulipoanza kutoa masuke, wakahamia bondeni. Hezron alipanda dunguni siku ya kwanza na kulikumbatia debe kama mtoto wa kufikia anavyokumbatia sahani ya nyama.

"Debe nashika mimi, shemeji. Kaka alikuwa mpole. Mimi roho yangu bado naipenda."

"Kwa hiyo nishuke mimi?"

"Ukigandia chini, angalau unaganda peke yako."

Akashuka. Kila jioni aliwasha moshi wake, na kila jioni moshi ulipompata alijiegemeza kwenye nguzo ya dungu, akatapika, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga, akaliinua kopo tena. Juu Hezron alikuwa anaimba nyimbo za Bongo Flava, maneno nusu anayajua, nusu anayazua.

"Shemeji, punguza kutapika! Watu watasema nimekupa mimba, mwenzio sina hata mahari ya kuku!"

Romana alikuwa anauhesabia mwili wake kila jioni uliyoivuka kama ushindi, ingawa mwili wenyewe haukuonekana kujua kwamba unashinda.

Tembo alikuja masuke yakiwa yameanza kuinama. Kwanza ndege walinyamaza wote kwa pamoja, kana kwamba kuna aliyewaziba midomo. Halafu matete yakavunjika. Akatoka taratibu, bila haraka, kama mgeni aliyealikwa na anayejua jiko liko wapi. Romana alikuwa na kopo mkononi, moshi unamwingia machoni, moyo unapiga mpaka kwenye meno. Mara hii miguu ilisimama. Akasubiri debe.

Debe kimya.

Akageuka, akatazama juu.

Hezron alikuwa amesimama, rungu limeinuliwa, mdomo wazi, macho wazi, na ndani hamna mtu. Ni kama nyumba iliyoachwa mlango wazi na taa inawaka, unapiga hodi mpaka unachoka. Kwenye nguzo ya dungu maji yalikuwa yanachuruzika, na mvua ilikuwa haijanyesha.

Sasa hapa ndipo penyewe. Duniani hakuna mtu aliyejua kuliko Romana mkono ule umekwamia wapi. Alipaswa kumwelewa. Hakumwelewa hata chembe. Alimchukia. Alimchukia kwa mifupa yake yote, chuki safi ambayo hajawahi kumpa kiumbe yeyote: piga, mbwa wewe, piga!

Halafu magoti yakakata. Akaanguka kifudifudi kwenye tope, katikati ya mpunga, hawezi kuinua hata kidole. Ardhi ilitikisika karibu na sikio lake, ikatikisika tena. Pumzi nzito ikapita juu ya mgongo wake, ikanuka majani. Tembo akala kona moja ya shamba, akatosheka, akarudi matete yake. Mwili ulioganda ulikuwa umemwokoa, na hakuwa na hamu ya kuushukuru.

Hezron alishuka, suruali imemganda mapajani.

"Shemeji, mkono... niliuona. Niliuambia piga. Wangu kabisa, lakini hausikii."

"Najua."

"Ulinitazama."

"Nilikutazama."

"Ulikuwa unafikiria nini?"

Romana akatema tope. Akamwangalia kijana wa watu, mdomo wote ule umekwisha, umebaki ngozi tu.

"Nilikuwa namwomba Mungu akusaidie," akasema.

Hezron akalia kwa sauti. Romana hakulia. Jibu alilokuwa analitafuta alikuwa amelipata, na hakuna mtu wa kumrudishia.

Mpunga ulivunwa ukiwa umepungua ile kona moja tu. Benedikto akaja kutazama.

"Amelinda?"

"Amelinda. Mpeni shamba lake," alisema Hezron.

"Mbona leo umefupisha? Unaumwa?"

"Baba mdogo, nimesema mpeni."

Akapewa.

Msimu uliofuata Romana alimwita fundi Danford ajenge dungu jipya. Akaagiza upande unaotazama shambani uzibwe kwa matete kuanzia kifuani mpaka kwenye paa, libaki tundu tu la kuchungulia.

"Mama, sasa wa chini atamwonaje mwenye debe?"

"Asimwone. Amsikie."

"Na asiposikia kitu?"

"Akimbie. Asigeuke."

Danford akacheka, akadhani anataniwa, akajenga. Siku hizi debe anashika Romana, nyuma ya matete. Wa chini ni Hezron, na hajauliza kwa nini. Majirani wa bondeni wamelipenda dungu lile, wanasema linakata jua vizuri. Wameanza kuziba na ya kwao.