Asubuhi Isiyokuwa na Sita

Saa nne kasorobo asubuhi. Mwanamke wa makamo aliyevaa koti jeusi lisilo na mifuko anapanga karata kumi na mbili juu ya kitambaa cha kijani. Sita ni nyekundu, sita ni za buluu. Kila moja anaigusa kwa ncha ya kidole kabla ya kuitaja. "Moja." Kimya. "Mbili." Kimya tena. Akimaliza anarudia, safari hii akianzia mwisho.

Upande wa pili wa meza wateja wanne wanangoja. Mmoja anauliza kama leo wamekuja kucheza au kufundishwa kuhesabu. Mwenzake anamjibu kwamba kwa mwendo huu watafungua meza wakati wa kufunga. Mwanamke hainui uso.

Koti halina mifuko kwa sababu ya kazi. Anayeshika fedha za watu hatakiwi kuwa na pa kuficha. Humu ndani ya jumba la kamari wenzake wanamwita Bi Saba, jina ambalo hakulichagua. Kwenye mchezo anaousimamia, saba ndiyo namba inayofagia meza, na kwa miaka kumi na tisa mdomo unaoitangaza ni wake.

"Mtu akipigwa na saba haichukii karata," anasema. "Ananichukia mimi."

Asili ya mchezo wenyewe ni dadu mbili. Lakini ipo sheria ya zamani, iliyotungwa na watu ambao sasa ni marehemu, inayokataza dadu kutoa matokeo mahali pa kamari. Karata haikuzigusa. Wenye jumba wakafanya kama wafanyavyo wenye mali wote wakikutana na sheria: wakaisoma kwa makini. Dadu zikaondoka, zikaja karata zenye nukta moja hadi sita, pakiti mbili za rangi tofauti, kila pakiti ikisimama badala ya dadu moja.

Bi Saba anazichanga na kuzilaza kifudifudi. Mteja mwenye zamu anagusa moja nyekundu na moja ya buluu. Zinafunuliwa, nukta zinajumlishwa, kisha zote zinarudi na kuchangwa upya. Hakuna kinachorushwa, ila wateja bado wanasema "narusha", na wapo wanaopuliza vidole vyao kabla ya kugusa.

Saba ina njia sita za kutoka kati ya thelathini na sita. Kumi na mbili ina njia moja tu: sita nyekundu na sita ya buluu kwa pamoja. Ndiyo maana hulipa mara thelathini, na ndiyo maana wenye akili zao hawaiwekei.

Fundi Saa anaiwekea. Huyu ni mzee wa miaka sabini na mmoja, shati limepigwa pasi, nywele zimechanwa, mpole kiasi kwamba akipoteza huaga meza nzima kabla ya kuondoka. Zaidi ya miaka arobaini alitengeneza saa kwenye kibanda chake, na anayemuuliza sababu ya kuipenda namba hiyo hupewa darasa. Saa sita mchana na saa sita usiku, anasema, mishale yote miwili inasimama mahali pamoja, mmoja juu ya mwenzake. Hapo ndipo anapoanzia kila saa anayoitengeneza. Sita na sita.

Zamani alikuja mara mbili kwa wiki na chipu chache, vile vidude vya plastiki vinavyochezwa badala ya fedha taslimu. Akishindwa, kilichokwenda ni bei ya mkate na sukari. Bi Saba anakiri kwamba alimzoea, hata akampenda kama mtu anavyompenda mjomba asiyekuwa na maneno mengi.

Miezi miwili iliyopita mzee alifunga kibanda. Simu zilikuwa zimeshamuua kibiashara, maana siku hizi kila mtu anatembea na saa mfukoni. Akauza meza ya kazi, mashine ya kuchonga vipuri na makasha yote ya vidude vyake. Asubuhi iliyofuata alikuja na chipu ambazo hazikuenea kiganjani.

Mchezeshaji haruhusiwi kumshauri mteja. Bi Saba aliweza kumuuliza jambo moja tu, kwa utani: mbona leo umekuja na wageni?

"Leo nimekuja na kibanda kizima," mzee akajibu.

Siku moja kabla ya asubuhi hiyo, sita ya buluu ilikuwa imekunjika pembe, na stoo wakatoa karata ya kuziba nafasi yake. Wakakosea. Wakatoa tano.

Ndiyo sababu kuna utaratibu. Kabla ya meza kufunguliwa, mchezeshaji huzipanga karata zote wazi, anazitaja moja moja, na msimamizi anatia saini. Asubuhi ile Bi Saba alizipanga na kuzitaja kama alivyofanya maelfu ya siku. Msimamizi alikuwa na simu sikioni. Akatia saini.

"Mdomo ulitangulia macho," anasema Bi Saba. "Nilisema moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Ile sita sikuiona. Niliisema tu, kwa sababu baada ya tano huwa ni sita."

Kwa hiyo kuanzia saa nne hadi saa nane, kumi na mbili haikuwa na njia hata moja ya kutoka. Meza hiyo ilichezwa karibu mizunguko mia mbili. Kwa hesabu ya kawaida, sita na sita zingetoka mara tano au zaidi. Mzee aliiwekea karibu kila mzunguko, mwanzoni chipu moja moja, baadaye mbilimbili, mwishowe kwa konzi.

Konzi ya mwisho aliiweka saa saba na robo. Akagusa karata zake mwenyewe. Ikafunuliwa sita nyekundu, ikafunuliwa tano ya buluu. Kumi na moja. Mzee akasema imekaribia, akaaga watu wote, akaenda.

Saa nane mchezeshaji wa zamu ya mchana alikuja kupokea meza. Akazipanga karata, akasita. "Dada," akamwambia, "hii tano ina pacha."

Msimamizi aliitwa. Aliichukua tano moja, akaitia mfukoni, maana koti lake yeye lina mifuko, akaleta sita kutoka stoo. Kisha akamwambia Bi Saba kwamba hakuna kilichotokea, na akamuuliza kwa upole kabisa nyumbani kwake wanakula wangapi.

Wanakula wanne: yeye, mama yake mzazi, na watoto wawili wa marehemu dada yake. Katika kila sehemu kumi za mshahara wake, nne ni za kodi na tatu ni za shule. Zinazobaki wanakula, wanapanda basi na kumeza dawa za presha za mama. Leseni ya uchezeshaji ndiyo mali pekee aliyonayo. Mama mwenyewe amewaambia majirani kwamba binti yake anafanya kazi hotelini, na akiulizwa ni hoteli gani, hujifanya hasikii vizuri.

Bi Saba akanyamaza. Siku ishirini na tatu alinyamaza. Fundi Saa hakuonekana tena. Mtunza mlango alisikia kwamba mzee ameacha kabisa.

Siku ya ishirini na nne ilikuwa ya mapumziko yake. Aliulizia nyumba, akaonyeshwa: nyumba ndogo ya vyumba vitatu, bati jipya upande mmoja tu. Alimkuta mzee jikoni anatengeneza saa ya jirani kwa bisibisi ya kuazima. Mkewe alikuwa anachambua mchele.

Mke huyo, aliyeolewa miaka arobaini na minne iliyopita, anasema hajawahi kuwa na wiki tatu nzuri kama zile. Mzee alikuwa amerudi akiwa hana kitu, akakaa kitandani siku mbili, kisha akainuka na kutangaza kwamba nyota yake imezimika na hatacheza tena maisha yake yote. Kibanda kilikwenda, sawa. Lakini mume alikuwa amerudi. Walikuwa wanakula pamoja na kusikiliza redio.

Bi Saba alimweleza mzee kila kitu. Tano mbili, sita hakuna, saini, mfuko wa msimamizi. Alisema alikuwa tayari kutukanwa, na kama mzee angetaka kwenda kushtaki, angekwenda naye. Mzee aliiweka chini bisibisi. Kisha akaanza kutabasamu.

"Kumbe sikuwa na nuksi," akasema. "Sita haikuwepo. Mimi nilikuwa sawa."

Akamshukuru. Akamwambia mkewe aweke chai. Mama yule aliweka, akamhudumia mgeni kwa heshima zote, na wakati wa kumsindikiza mlangoni akamshika mkono.

"Ungenyamaza tu, mwanangu."

Siku mbili baadaye Fundi Saa alikuwa mezani. Hachezi kwa mchezeshaji mwingine yeyote. Bi Saba asipokuwa na zamu, mzee anageuza na kurudi nyumbani. Anawaambia wateja wenzake, mbele ya Bi Saba, kwamba humu ndani huyu ndiye mtu pekee asiyedanganya. Kushtaki hataki. Anasema hatafuti huruma ya mtu, anatafuta sita zake.

Wateja hucheka. Ukimtazama Bi Saba wakati huo unatamani kutazama pengine.

Kwanza ilikwenda kodi ya mpangaji wa chumba cha mbele, aliyeombwa kulipa miezi sita kwa mpigo. Sasa imebaki nyumba. Mnunuzi amepatikana, na amesema atakuja na fedha Jumamosi hii.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuingia kazini, Bi Saba alipeleka barua kwenye ofisi inayotoa leseni. Aliiandika kwa mkono, kurasa tatu, akajitaja yeye mwenyewe kwanza. Hesabu yake ni rahisi. Wakimfutia leseni, hatasimama tena kwenye meza ile, na mzee ameapa kutocheza kwa mwingine. Kuhusu kodi na shule na dawa za mama, anasema atajua mbele ya safari.

Karani aliigonga muhuri, akamwambia itasomwa ndani ya siku ishirini na moja za kazi. Bi Saba akaomba isomwe mapema. Karani akamuuliza kama kuna mtu amekufa.

"Nikamwambia bado," anasema.

Turudi mezani. Ni saa tano na nusu sasa, Jumatano. Fundi Saa yuko kwenye kiti chake cha kila siku, chipu saba mbele yake, tatu kati ya hizo ameziweka juu ya kumi na mbili. Zamu ni yake. Anagusa nyekundu. Anagusa ya buluu.

Bi Saba anafunua ya kwanza: sita. Mkono wake unabaki juu ya ile ya pili muda mrefu kuliko kawaida, mpaka mteja mmoja anakohoa. Anaifunua. Nukta sita, safu mbili za tatutatu.

"Sita na sita," anatangaza. "Kumi na mbili."

Meza inalipuka kwa makofi. Wanatoka watu kwenye meza nyingine kuja kumpa mzee mkono. Macho yake yamejaa maji. Anamwinamia mchezeshaji na kusema kwa sauti ya chini, ya mtu anayetoa shukrani kwa mwanawe.

"Umeona, mwanangu? Ukweli una malipo yake."

Bi Saba anamsogezea chipu tisini. Mzee anaweka kumi mfukoni kwa ajili ya mkewe, halafu zilizobaki anaanza kuzirudisha kwenye kumi na mbili, konzi kwa konzi. Hazifiki saa saba. Kabla ya kuaga anazitoa na zile kumi.

Wakati wa mapumziko Bi Saba amesimama kwenye korido ya nyuma, karibu na sinki, anaosha mikono ambayo haina uchafu wowote.

"Wiki zote hizi naomba isitoke," anasema. "Leo imetoka. Sasa yeye ndiye hatatoka."

Anakausha mikono, kisha kwa mara ya kwanza siku nzima uso wake unachangamka kidogo. Amekumbuka jambo. Hati ya nyumba ina majina mawili, la mzee na la mkewe. Bila saini ya mke hakuna kinachouzwa. Jumamosi Bi Saba ana mapumziko, naye amepanga kwenda mapema, kabla ya mnunuzi, ampigie magoti asikubali.

"Yule mama ana msimamo," anasema. "Si nimekusimulia alivyoniambia? Hatasaini. Tumaini langu lote liko kwake."

Jioni hiyo mwandishi wa makala haya alifika kwa mke wa Fundi Saa. Mama huyo alikuwa uani, anaanua nguo. Alikaribisha, akatoa kiti, akasikiliza habari za mpango wa Jumamosi mpaka mwisho bila kukatisha. Shati la mumewe alilikunja, akalinyoosha kola, akalikunja tena.

"Nimeshasaini tangu juzi," akasema. "Kila usiku alikuwa ananieleza kwamba hana nuksi. Mtu mzima, ananibembeleza kama mtoto. Nikachoka."

Akaomba Bi Saba asiambiwe kwa simu, maana ana kazi ya kusimama na anaweza kupata kizunguzungu.

"Mwambie Jumamosi aje tu," akasema. "Chai ipo."