Jani Lililofungwa Fundo

Fundi Selemani alikuja Arusha kutoka Kondoa mwaka 1968, na hadi leo anatengeneza pikipiki Sakina, kando ya barabara ya Nairobi. Kijana akimharakisha, humwonyesha benchi. "Kaa hapo. Breki haijui kama una haraka." Wageni hucheka. Sisi majirani hatucheki.

Mwaka 1991 mwanawe wa pekee, Twahir, alikuwa na miaka kumi na tisa. Alimpenda Violet, binti wa Elinami, Mlutheri wa Machame aliyeuza mitumba siku zile biashara zilipofunguliwa. Walikuwa wamejuana wiki sita tu, na tayari walitaka ndoa. Selemani alikwenda kuposa. Elinami alimjibu mbele ya wateja.

"Fundi, grisi ya mikono hiyo hata sabuni ya Kenya haiitoi. Leo unataka tule sahani moja?"

"Afadhali grisi," Selemani alisema, "kuliko kuvalisha watu suruali za waliokufa Ulaya."

Akaondoka. Siku nne baadaye Elinami alikuwa amejuta. Kwao Uchagani aliyekosa hupeleka jani la isale lililofungwa fundo, na anayepelekewa hana budi kusamehe. Alimpa dada yake, Kaanaeli, alipeleke Sakina, aseme pia kwamba waje wazungumze habari za watoto. Ilikuwa Ijumaa. Kaanaeli alikuta gereji imefungwa, fundi yuko msikitini. Akalichomeka jani kwenye kitasa, akapanga kurudi kesho yake na maneno.

Selemani aliporudi alisimama mbali na mlango wake. Jani bichi, fundo katikati, na hakuwa na ugomvi na mtu ila Elinami. Alilitoa kwa koleo, akalimwagia petroli, akalichoma.

"Wanataka kutumaliza," alimwambia Twahir.

"Basi mimi singoji tena, baba."

"Tulia. Kesho nitamwona shehe."

Twahir hakutulia. Asubuhi saa moja alichukua pikipiki ya mteja iliyokuwa kwenye matengenezo, akampakia Violet, wakashika njia ya Namanga. Pedi za breki ya nyuma zilikuwa bado mezani. Alijua, ndiye aliyezifungua. Kaanaeli alifika gereji saa tatu, akaikuta imefungwa tena; fundi ameshakwenda kwa shehe.

Kwenye mteremko kabla ya Longido, ng'ombe walikuwa wakivuka barabara. Twahir alifia palepale. Violet alilazwa.

Jumatatu, baada ya kumzika mwanawe, Selemani alikwenda hospitali.

"Shikamoo, baba," Violet alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Kwa nini hamkungoja?"

"Aliniambia watu wa kwetu wamewaroga. Nikamuuliza wamewaroga vipi. Akasema panda kwanza, tutaongea mbele."

Selemani akamweleza lile jani. Violet alifumba macho.

"Hilo ni isale, baba. Mzee alikuwa anakuomba msamaha. Twahir angelitaja tu, ningemwambia."

Alifariki Jumanne, akazikwa Alhamisi.

Jumamosi Elinami alikuja gereji mwenyewe, na jani lingine mkononi.  Selemani alijifuta mikono kwa kitambaa, akajifuta tena, kisha akalipokea kwa mikono miwili. Liko mpaka leo kwenye rafu, limekauka, kando ya zile pedi za breki.