Maji ya Mama Agot

Ukifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma Moja ukauliza kwa Nyawal, utaonyeshwa kibanda cha mabati chenye paneli ya sola juu. Nyawal alivuka mpaka wa Nadapal kutoka Sudan Kusini akiwa amebebwa mgongoni, na shule alikomea darasa la nane. Alianza kwa kuwachajia watu simu. Baadaye akapata runinga, kisha laptop kuukuu, akazichezea mpaka zikazoeana. Sasa simu inaipa laptop mtandao, laptop inaipa runinga picha, na wateja wake wanapata mpira, sinema na kwaya mahali pamoja. Mtoto wake hulala kando ya meza, na kelele hazimsumbui hata kidogo.

Jumamosi moja jirani yake, Mama Agot, aliingia amevaa nguo ya sikukuu, kibuyu cha maji mkononi. Mwanawe Lueth alikuwa anaoa Juba, na miguu ya mama haikuweza safari. Lakini kwao bibi arusi haondoki nyumbani mpaka mama wa bwana arusi awanyunyizie maji wote wawili.

"Nataka nimwone mkubwa, kama wale wachezaji wako," alisema.

"Utamwona mpaka magego, mama."

Gatdet, aliyekuja kwa mpira, akanung'unika. "Tumefuata mechi, tunapewa arusi."

"Kaa utulie. Hata hii ina ushindi wake."

Nyawal akapiga simu ya video kwenye laptop, akachomeka waya wa runinga. Lueth akajaa runinga nzima, suti na tabasamu, bibi arusi ubavuni. Mama Agot akasimama mbele ya runinga, akaanza kuwataja babu zake mmoja mmoja. Kule Juba Lueth akawa anapinda shingo huku na huku.

"Mama, uko wapi? Mimi naona sikio tu."

Watu wakacheka. Kamera ilikuwa kwenye laptop, mezani pembeni. Kabla Nyawal hajasema neno, mama alikuwa ameshachota maji akamrushia mwanawe usoni. Runinga ikalia cha! ikawa nyeusi.

"Haya," Gatdet akasema, "runinga imekufa, na arusi nayo."

Mama Agot akaketi chini. "Nimemharibia mtoto wangu."

Nyawal alichomoa waya wa umeme kwanza, akaipangusa runinga kwa leso ya kubebea mtoto, akaiegemeza nje juani. "Itapona. Hii nimeshaifungua mara nyingi. Na arusi haijaenda popote, mama. Lueth yuko huku."

Kweli, sauti ilikuwa inatoka kwenye laptop. "Mama? Wazee wa hapa hawajaona maji. Wanasema msichana hatoki."

Nyawal akaitazama ile laptop. Maji yakiingia kwenye vitufe, kazi yake yote imekwisha, na unga wa mtoto pia. Akageuka, akafunua sufuria ya maharagwe, akaking'arisha kile kifuniko cha kioo, akakisimamisha mbele ya kamera kama dirisha.

"Gatdet, shika hapa. Usitingishe."

"Mimi tena?"

"Si unapenda mpira? Leo wewe ni golikipa."

Halafu akamshika Mama Agot mkono. "Mama, kale kadoti keusi juu ndiyo macho yake. Mwangalie hapo."

Mama akavuta pumzi, akaanza upya na babu zake, hakumruka hata mmoja. Kisha akanyunyiza. Matone yakagonga kioo, yakatiririka. Kule Juba waliona maji yanawajia usoni. Lueth na mkewe wakainamisha vichwa, na Lueth akapangusa paji la uso lililokuwa kavu.

"Tumeona!" mzee mmoja akapaza sauti. "Mchukueni!"

Vigelegele vikatoka kwenye kile kispika kidogo mpaka mtoto akaamka. Nyawal akambeba, akainua leso kukausha kifuniko. Mama Agot akamzuia.

"Acha, binti yangu. Maji haya hayapanguswi. Yakauke yenyewe."

"Na mimi nishike mpaka lini?" Gatdet akauliza.

"Mpaka yakauke."

Akashika. Bahati yake, kwa joto la Kakuma yalikauka upesi, na Nyawal alipoifungua mechi kwenye laptop, haikuwa imefika mapumziko.