Seng'enge ya Baba Neema

Naikumbuka siku ile, mwanangu, tuliporudi Kibiti kutoka kuvuna mpunga nikaikuta nyumba yetu imezungushiwa seng'enge.

Kwanza uelewe mtaa ulivyokuwa. Zamani pale sote tulikuwa watu wa bondeni. Mpunga ukianza kuchanua, familia nzima inafunga mlango na kuhamia Mkongo, huko bondeni, kukaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, tukiwinga ndege wasiule mpaka mavuno. Mtaani wanabaki kuku na vikongwe. Hakuna aliyeibiwa, maana hakuna aliyebaki wa kuiba.

Halafu ikaja lami. Wakaja walimu, mafundi, wenye maduka ya vipuri, watu wanaoamka wakijua hela ya kesho itatoka wapi. Wakajenga kwa tofali, wakaweka na mageti. Wenzetu wakauza mmoja mmoja, wakasogea ndani, kule barabara haijafika. Mimi, kijana niliyetoka sekondari juzi, niliwaita wale "wakuja". Jirani yetu mpya, Baba Neema, fundi wa kuchomelea aliyetoka Mbeya, nilikuwa nampita kama napita mgomba.

Siku hiyo, tuliposhuka stendi, dalali mmoja aliniambia, "Kwenu pana wateja kila siku. Si mmehama nyie?"

Nikamwachia mama magunia, nikakimbia. Kweli, nguzo zimesimama, seng'enge imepita, na mlangoni pana kufuli geni. Marehemu baba alituachia pale tu, hatukuwa na pengine. Panga nililotoka nalo shamba lilikuwa bado mkononi. Nikaenda kugonga kwa Baba Neema.

Alitoka na miwani ya kazi usoni. "Karibu, kijana. Mbona na panga? Siku hizi mpunga mnauvuna hivyo?"

"Nani kakupa ruhusa ya kuzungushia kwetu?"

Kabla hajajibu, mama akafika akihema. Panga hakulitazama hata kidogo.

"Umemwamkia?"

Nikamwonyesha kwa kidole lile kufuli mlangoni kwetu.

"Nakuuliza wewe, umemwamkia? Huyu rika la baba yako."

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Poleni na shamba." Akavua miwani, akamgeukia mama. "Madalali walileta watu na magari yao kutoka Dar, wanasema hapa pametelekezwa. Si nyasi zilifika dirishani! Nikawaambia wenyewe wako bondeni, watarudi wakivuna. Hawakusikia, ndipo nikaweka nguzo na kufuli. Tena nikawatisha kwamba mama huyu ana mtoto mkali, anatembea na panga." Akautazama mkono wangu. "Kumbe sikusema uongo."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikaliweka panga chini, nikakaa. Sijui kama nimewahi kupumua vile tena.

Alijuaje tuko bondeni? Kumbe kabla hatujaondoka mama alikwenda kumuaga, jambo ambalo mimi nilimkataza.

"Nisingemuaga," aliniambia baadaye, "naye angedhani tumehama kama wenzetu. Pengine angenunua yeye."

Tangu hapo nimetangatanga sana. Nimekaa Bungu, nimekaa Mbwera na hata Dar, na kote huko mkuja nilikuwa mimi. Nyumba ipo. Dada yangu amejenga fremu mbili za maduka mbele yake, na kodi ndiyo inayomtunza mama uzeeni. Katika mstari ule wa nyumba, wa zamani tumebaki sisi peke yetu. Kila nikishuka Kibiti nikaliona bati letu, moyo unatulia.

Basi, mwanangu, mtaa wako nao utabadilika, na hutauzuia. Watakuja watu wenye kipato kukushinda, wenye dini nyingine na lafudhi nyingine. Usiwafanye adui na hata majina yao hujayajua. Ukisafiri, muage jirani. Geti lake likiwa limefungwa, gonga. Na siku wewe ndiye unayehamia kwa watu, ukiona nyumba imefungwa na nyasi zimeota, uliza mwenyewe yuko wapi kabla hujaitamani.

Mola akujalie makazi usiyoyahofia ukiwa mbali, na jirani wa kuuliza mbona siku hizi huonekani. Nawe akujalie uwe jirani wa namna hiyo. Amin.